Magodoro ya Bwana Pole

Wasiomjua Bwana Pole ndio waliompenda. Waliomjua walimwamkia tu kwa sababu alikuwa na malori mengi na wao walikuwa na watoto wa kulisha.

Jina hilo alipewa na madereva wake. Biashara yake ilikuwa kuvusha makontena mpakani, na tabia yake ilikuwa moja: akikutenda ubaya, yeye huwa wa kwanza kuja kukupa pole. Akikufukuza kazi bila kosa, huyu hapa mlangoni kwako, kofia kifuani, "Pole sana, ndugu yangu." Lori lake lisilo na breki likikuvunja mguu, yuko hospitali kabla ya mkeo, kainamisha kichwa, sauti laini utadhani anabembeleza mtoto. Mtu ukabaki kujiuliza kama anakupa pole ya alilokufanyia au ya lile atakalokufanyia kesho.

Dada wa Winchi, mpakiaji wa makontena yale, alipewa pole hiyo nyumbani kwao, sebuleni, mbele ya mama yake. Bwana Pole alikuja na mfuko wa sukari. Mama, kwa kiwewe cha siku ile, aliupokea kwa mikono miwili. Dada wa Winchi akauchukua mikononi mwa mama, akatoka nao nje, akaumwaga wote mtaroni, kisha akarudi kukaa. Alimkodolea macho mgeni mpaka mgeni akakumbuka kwamba ana safari.

"Karibu tena," alimwambia akimfungulia mlango. "Lakini ukija tena, uje na mdogo wangu."

Mdogo wake huyo ndiye aliyekuwa amefungwa, na hadithi ya kufungwa kwake huwezi kuielewa mpaka uielewe kazi ya pale yadini, kwa hiyo nivumilie kidogo.

Yadi ile ilikuwa mwisho wa reli. Treni ilitoka bandarini na makontena mgongoni, ikafika pale njia ikaiishia, kwa kuwa nchi ya ng'ambo haikuwa na reli ya kuipokea. Kutoka hapo mzigo uliendelea kwa barabara. Aliyeutoa kwenye behewa na kuutua juu ya tela la lori alikuwa mwanamke mmoja mwembamba, mkali, aliyekaa juu ya winchi kubwa ya magurudumu yenye mkono mrefu. Kule juu aliona paa za malori, vipara vya madereva na mambo mengine ambayo watu hudhani hayaonekani. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa limesahaulika yadi nzima. Alikuwa Dada wa Winchi, basi.

Makontena mafupi yalisafiri mawili mawili, na kila mara yalipangwa mlango kwa mlango, yakikaribiana hivi kwamba hata ngumi haipiti katikati. Watu wa yadi waliita hivyo kubusiana. Sababu ilikuwa wezi. Lori likitambaa mlimani, wezi hudandia nyuma na kuvunja makufuli. Yakibusiana, hakuna mwizi anayeweza kuyafungua, wala dereva, wala shetani mwenyewe, mpaka iletwe winchi ya kuyatenganisha. Na pale mpakani winchi haikuwepo. Skana ilikuwepo, tena kubwa, lakini ilikufa siku ileile ilipozinduliwa: utepe ukakatwa, picha zikapigwa, mashine ikakata roho. Kwa hiyo maofisa wa forodha walisoma makaratasi, wakachungulia lakiri za milango kwa tochi kwenye ule upenyo, wakagonga muhuri. Mzigo uliobusiana ulipita kama bibi harusi.

Mdogo wake alikuwa dereva wa Bwana Pole. Siku moja maofisa wa ng'ambo walitonywa na mtu, wakakodi winchi huko mbali, wakayatenganisha makontena aliyokuwa ameyabeba. Chini ya vigae wakakuta masanduku ya risasi. Bwana Pole akaitwa, akaja na wakili wake. Alisema kwa huzuni kubwa kwamba dereva huyu alikuwa kama mwanawe, lakini inaelekea kijana alifungua kontena njiani akapakia mambo yake. Akamtoa kafara hivyo, mchana kweupe, kisha akatoa leso akajifuta macho.

Dada wa Winchi alivuka mpaka kwenda kutoa ushahidi. Alivaa nguo yake nzuri kuliko zote.

"Makontena yale niliyapakia mimi mwenyewe," alimwambia hakimu. "Yalikuwa yanabusiana. Hakuna binadamu anayeweza kuyafungua akiwa njiani."

"Wewe ni nani wake?" hakimu akauliza.

"Dada yake."

"Kaa chini."

Alikaa chini. Moyo wake lakini haukukaa, na tangu siku hiyo alikula, akalala na kuinua makontena ya watu akiwa amesimama hivyohivyo ndani yake. Sitamsingizia wema ambao hakuwa nao. Wapo wanaosema wanataka haki. Yeye alitaka Bwana Pole aumie, tena aumie palepale alipoumia mdogo wake, na ajue ni nani kamuumiza.

Miaka ilipita. Mdogo wake huko jela alitulia mpaka askari wakampenda. Akapewa kazi bustanini, na mkuu wa jela akamwandikia punguzo la kifungo kwa tabia njema. Mwaka usingeisha kabla hajarudi nyumbani. Mama alianza tena kuimba jikoni, jambo ambalo lilikuwa limekoma kwa muda mrefu, na kila mgeni aliyekanyaga kizingiti aliambiwa, "Mwanangu anakuja."

Dada alipomtembelea mara ya mwisho, mdogo wake alimwambia kupitia wavu wa waya, "Mimi nimetulia, dada. Na wewe tulia."

"Nimetulia," alijibu, na huo ulikuwa uongo mkavu.

Basi asubuhi moja treni ikaleta makontena mawili ya Bwana Pole, kwenye behewa moja, yamebusiana vizuri. Makaratasi yalisema magodoro. Dada wa Winchi akaliinua la mbele kidogo, kulipima tu kama alivyozoea. Winchi ikaguna. Namba za uzito kwenye kioo zikapanda, zikapanda tena, zikakataa kusimama. Akalirudisha polepole juu ya behewa. Akaliinua la nyuma, likaja jepesi kama magodoro yanavyopaswa kuja. Akayakumbuka yale masanduku ya chini ya vigae.

Jambo la kwanza lililomjia ni kwenda kwa mkuu wa yadi. Akalitupilia mbali, maana mkuu wa yadi na Bwana Pole walikuwa chanda na pete. Jambo la pili ni kuuacha mzigo uende, afanye hila ukamatwe mpakani. Lakini mpakani atakamatwa nani? Dereva. Safari hiyo ilikuwa ya Kipara, mtu mpole mwenye watoto watatu na mke mgonjwa, aliyewahi kumchangia mama yake nauli ya kwenda kumwona mfungwa. Kumtumbukiza Kipara shimoni ili Bwana Pole aje tena na leso yake? La. Alimtaka tajiri mwenyewe, na tajiri huwa hakai nyuma ya usukani.

Akashuka ngazi, akaenda kwenye benchi la wauza chai.

"Kipara, wewe leo unaumwa."

"Mimi? Mzima kabisa, dada."

"Unaumwa tumbo. Magodoro yako nimeyainua sasa hivi. Kontena moja ni zito kama limejaa kokoto."

Kipara aliweka kikombe chini. Alitazama lori lake, akatazama barabara inayokwenda mpakani, jasho likamtoka kwenye ule upara. Kisha akalishika tumbo kwa mikono yote miwili.

"Kumbe ndilo lilikuwa linaninyonga tangu jana," akasema. "Uwii. Mama yangu."

Kufika saa sita ugonjwa ulikuwa umeenea yadi nzima. Dereva mmoja mgongo ulimkataa. Mwingine alipewa habari kwamba mkewe anajifungua, na wote walijua hajaoa. Wa tatu alipoteza ufunguo ambao ulikuwa unaning'inia shingoni mwake. Hakuna aliyeambiwa agome, na hakuna aliyeuliza sababu mara mbili. Walimkumbuka mwenzao aliyekula nao, ambaye sasa yuko jela, na kila mmoja kimoyomoyo alikuwa na pole yake aliyowahi kupewa.

Bwana Pole alifika alasiri kwa gari lake la kutanua, amefura. Alikuwa na haraka ya kweli. Amri mpya ilikuwa imetoka juu, ambayo hata mkuu wa yadi aliiogopa: kontena likilala yadini, asubuhi linafunguliwa na kukaguliwa mbele ya wageni kutoka makao makuu. Magodoro yale yalipaswa kutoka kabla ya geti kufungwa.

Alianza kwa kubembeleza. "Ndugu zangu, poleni na maradhi. Lakini hata mmoja wenu hawezi kujikaza?" Akahamia kwenye ahadi, kisha kwenye matusi. Madereva walimtazama kwa huruma wakiwa wamekaa, kila mmoja ameshika kiungo chake kinachouma.

Hapo ndipo Dada wa Winchi alipochungulia kutoka juu ya ngazi yake.

"Bosi, kwani wewe mwenyewe si uliwahi kuendesha?"

"Kuwahi?" Bwana Pole akageuka. "Mimi nilianza utingo, nikashika usukani nikiwa sina hata ndevu. Barabara hii naipita nimefumba macho!"

"Hiyo ilikuwa zamani, bosi. Siku hizi umezoea kukaa kiti cha nyuma. Achana nayo, usije ukajiaibisha."

Kipara, na tumbo lake, akaangua kicheko. Benchi zima likafuata. Mtu anaweza kumtukana tajiri na asisikie, lakini umcheke mbele ya wafanyakazi wake! Shingo ya Bwana Pole ilivimba. Na usidhani alikuwa mjinga. Alijua kilichomo, ila alijua pia kwamba mpakani hakuna winchi, kwamba maofisa wengi pale wamekula mkononi mwake, na kwamba mzigo unaobusiana haujawahi kumwangusha isipokuwa mara ile moja, na mara ile alianguka mtu mwingine. Akakunja mikono ya shati.

"Nipe ufunguo," akamwambia Kipara. Kisha akainua uso kwa Dada wa Winchi. "Wewe, yabusishe vizuri. Njia ina wezi."

"Kweli, bosi. Wezi wapo."

Alipanda kwenye lori kwa taabu, tumbo likigombania nafasi na usukani. Kuliingiza tela kando ya behewa kulimtoa jasho: mara limekaa upande, mara limegusa nguzo, mara amesahau gia ya nyuma iko wapi. Madereva wagonjwa walimpigia makofi. Alipofanikiwa kulinyoosha, alikuwa amelowa, na macho ameyakaza mbele asiwaone.

Dada wa Winchi akapiga moyo konde na kushusha mkono wa mashine.

Alichokifanya kilikuwa kitu kidogo sana. Kawaida kontena la mbele la behewa hutuliwa mbele ya tela, na la nyuma nyuma, yakaendelea kubusiana kama yalivyokuja. Yeye alianza na la nyuma. Akalipeleka mbele, karibu na kichwa cha lori. Halafu akalichukua lile la mbele, lile zito, akalitua nyuma. Kwa kubadilishana nafasi hivyo, makontena mawili yaliyokuwa yakibusiana yakapeana migongo. La mbele mlango wake ukatazama kichwa cha lori. La nyuma, lenye magodoro ya kokoto, likatazama barabara, milango miwili mipana na lakiri katikati, wazi kwa yeyote mwenye macho.

Bado alikuwa na hofu moja. Madereva wa yadi ile wana desturi ambayo hakuna anayeiacha, awe mlevi au mgonjwa: kabla ya kuondoka, dereva hushuka na kuuzunguka mzigo wake. Hugonga pini moja moja kwa nyundo, hupapasa lakiri, hutazama matairi, na akimaliza ndipo husema "sawa". Mdogo wake alizunguka mara mbili kila safari, wakamcheka kwa hilo. Bwana Pole akishuka na kuzunguka hata mara moja, atauona mlango, na mchezo utakuwa umekwisha.

Mzee wa pini, aliyekuwa akifunga makontena kwenye tela, alifika nyuma akasimama. Akautazama mlango. Akainua kichwa taratibu mpaka kwenye kioo cha winchi. Walitazamana. Kisha mzee akainama, akafunga pini yake ya mwisho, akaigonga kwa nyundo zaidi ya ilivyohitaji.

"Dereva!" aliita. "Shuka uzunguke!"

Dada wa Winchi alidhani amesalitiwa. Lakini mzee alijua anamwita nani. Kumwita Bwana Pole "dereva", mbele ya benchi lote lile, kulitosha kumgandisha kwenye kiti.

"Dereva ni wewe na baba yako!" akajibu kutoka dirishani. "Mimi nizunguke matela? Umefunga?"

"Nimefunga."

"Basi sawa!"

Akatia gia, na lori likatoka getini likirukaruka. Dada wa Winchi alilitazama likipungua. Kitu alichokibeba kifuani miaka yote hiyo kilijigeuza, kikawa kitamu. Nasema kitamu kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Alikaa kule juu akacheka peke yake mpaka machozi yakamtoka.

Habari ililetwa kesho yake na dereva anayeitwa Redio, ambaye alikuwa kwenye foleni nyuma ya Bwana Pole. Watu walimzunguka, na yeye hakuwa mtu wa kufupisha.

"Ofisa wa ng'ambo anakuja, anazunguka lori, anafika nyuma, anasimama. Anaita mwenzake, 'Njoo uone, leo wametuachia mlango!' Wakaja watano, jamani. Bwana Pole anashuka, kajaa tabasamu, anauliza kuna nini. Anafika nyuma. Dada, laiti ungeiona ile sura! Mdomo unafunguka, unafungika. Halafu unajua alisema nini? 'Poleni na kazi.'"

Yadi nzima ilipasuka.

"Wakafungua. Magodoro safu moja, nyuma yake bunduki. Safari ile alipeleka risasi, si ndiyo? Basi bunduki zake ndiyo hizo. Akasema mzigo si wake, yeye ni dereva tu. Wakamuuliza, dereva wa nani? Jina lake lipo ubavuni mwa lori, herufi zenyewe kubwa kama mlango."

"Wale maofisa wake?" mtu aliuliza.

"Hakuna aliyemjua. Wote walikuwa wanamwona siku hiyo kwa mara ya kwanza."

Jioni Dada wa Winchi alimsimulia mama. Mama alisikiliza amesimama, mwiko mkononi, na alipofika mwisho akasema, "Tena." Akasimuliwa tena. Wakili wa mjini aliwaambia kesi ya kijana sasa inaweza kufunguliwa upya, ila itachukua muda, bora wangoje tu punguzo, liko karibu. Walikubali. Walikuwa na furaha kiasi kwamba wangekubali lolote.

Ila kulikuwa na jambo ambalo Dada wa Winchi hakumwambia mama. Gereza la ng'ambo lilikuwa moja tu, la waliohukumiwa na la wanaosubiri kesi, na yeye alilijua hilo tangu mwanzo. Alilijua alipokuwa anashusha mkono wa winchi. Na Kipara alipopata safari ya kwenda kule kwa lori la tajiri mwingine, alimpa sabuni na dawa ya meno za kumpelekea mdogo wake, pamoja na salamu. "Mwambie mgeni anakuja. Mwambie nimemtuma mimi. Ni zawadi yake."

Kipara alikuna upara wake. "Nimwambie hivyohivyo?"

"Hivyohivyo, usipunguze neno."

Siku ya kutembelea wafungwa ilipowadia, alivaa ile nguo yake nzuri aliyoivaa mahakamani. Alivuka na lori la Kipara, akasimama foleni getini, akapekuliwa. Hakukasirika hata askari alipomkatia sabuni vipande vipande kutafuta kilichofichwa. Alitaka jambo moja tu, kuuona uso wa mdogo wake.

Mdogo wake alikuja upande wa pili wa wavu akitembea kifua mbele. Alikuwa amebadilika. Miaka yote alikuwa akija mabega chini, akiongea kwa sauti ya mtu aliye msibani, na sasa macho yalimwaka kama zamani alipokuwa dereva kijana mwenye lori jipya. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa bendeji mpaka kwenye kiwiko.

"Dada," akasema, "zawadi nimeipata."

"Umemfanya nini?"

"Walimleta chumba chetu. Aliponiona alinyoosha mkono anisalimie! Unaamini? Mkono wa kunisalimia, mimi!" Alisogea karibu na wavu. "Nilikuwa nimepanga nisimguse. Naapa. Lakini wenzangu wote walikuwa wananitazama, wanajua ni nani, na salamu zako nilikuwa nazo. Nikasema, dada amehangaika kiasi hiki kumfikisha, mimi nitashindwa kumpokea? Yuko wodini. Taya limevunjika, meno ya mbele hana. Atakula uji mpaka azeeke."

Dada wa Winchi alicheka. Kilikuwa kicheko kikubwa, cha tumboni, mpaka wageni wengine wakageuka na askari akakohoa. Alimwona Bwana Pole akitafuta meno yake sakafuni, akacheka tena, na mdogo wake akacheka naye, vipaji vya nyuso zao vimeegemea wavu kama walivyokuwa wakicheka utotoni chini ya shuka moja.

"Na mkono?" akauliza akijifuta macho.

"Utapona."

"Wakubwa wa jela wamesemaje?"

"Aa, hao." Aliinua bega moja. "Punguzo wamelifuta. Kuna na kesi ya kujeruhi, nafikishwa mahakamani wiki ijayo. Wanasema huenda nikaongezewa."

Kicheko kilibaki mdomoni mwa Dada wa Winchi, kikapoa hapohapo. "Umefutiwa?"

"Lote."

"Lakini ulikuwa unarudi. Ilikuwa bado kidogo tu. Ulikuwa unarudi nyumbani!"

"Dada, nisikilize." Alipitisha vidole vya mkono mzima kwenye waya, akavishika vidole vya dada yake. "Nilikwambia nimetulia. Sikuwa nimetulia, nilikuwa nimekufa. Ningerudi kwenu maiti, mama angeilisha maiti. Wewe umenifufua. Asante. Hakuna mtu aliyewahi kunifanyia jambo kama hili."

Alisema asante hiyo kwa moyo wake wote. Ndiyo maana iliingia ndani namna ile. Angemlaumu, angempigia kelele, Dada wa Winchi angejua la kujibu, maana kelele alizizoea. Alijaribu kutafuta ndani yake jambo la kujutia, akamwona tena Bwana Pole ameshika taya, na, baya zaidi, ule utamu bado ulikuwepo. Kengele ililia. Mdogo wake akaondoka kifua mbele kama alivyokuja. Wafungwa wenzake walimpokea mlangoni kwa kumgonga mgongoni.

Alitoka nje ya geti na vipande vyake vya sabuni, alivyosahau kumwachia. Kipara alikuwa amemwashia lori. Kabla hajapanda simu ililia, na alikuwa mama.

"Umemwona?"

"Nimemwona, mama."

"Na yule mwanaharamu?"

"Amevunjwa taya. Meno ya mbele hana. Mwanao ndiye aliyemvunja, kwa mkono wake."

Mama alipiga kigelegele. Alikipiga kirefu hivi kwamba Kipara alikisikia kutoka kwenye usukani akaanza kutabasamu bila kujua sababu. Kisha mama akavuta pumzi, na sauti ikamrudia ile ya kila siku, ya mwanamke aliye jikoni na kazi zake.

"Haya, sasa niambie mwanangu," akasema. "Wamekutajia siku? Anarudi lini?"